Watu Wanaohama Huzika Wapi?

Magharibi ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, kuna mahali panapoitwa Lothagam. Ni nchi kavu yenye matuta ya mawe, na ziwa lenyewe siku hizi liko mbali na matuta hayo. Katikati ya ukame huo kuna jukwaa la mawe la mviringo lenye upana wa karibu mita 30. Juu yake kuna nguzo za basalti, nyingine zimesimama, nyingine zimeinama. Upande wa mashariki kuna miduara ya mawe na marundo yaliyopangwa kwa mikono ya watu. Anayepita haraka anaweza asione cha kumsimamisha. Lakini chini ya jukwaa hilo, kwa makadirio ya waliolichimba, wamezikwa watu wasiopungua 580.

Makaburi hayo yalianza kujengwa miaka 5,000 hivi iliyopita, na watu waliendelea kuzika hapo kwa karne kadhaa, hadi kama miaka 4,300 iliyopita. Hayo ndiyo makaburi ya kale na makubwa kuliko yote ya aina hiyo yanayojulikana Afrika Mashariki. Waliyoyajenga hawakuwa na mfalme tunayemjua, hawakuwa na mji, na hakuna dalili kwamba walikuwa na mashamba. Walikuwa wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo, watu wa kuhama na mifugo yao.

Nilipoanza kusoma ripoti za uchimbaji huo kwa ajili ya masomo yangu ya uzamili, jambo hilo ndilo lililonikaa kichwani. Ningetegemea mtu wa kuhama azike njiani, afunike kaburi, aendelee na safari. Hawa walifanya kinyume. Kwa nini watu wasiokaa mahali pamoja wajenge kitu kisichoweza kuhama?

Tuanze na jinsi walivyojenga, maana majibu mengi yamo humo.

Kwanza walichagua mahali palipokuwa ufuko wa zamani wa ziwa. Wakaondoa mchanga katika eneo la takriban mita za mraba 120, wakashuka mpaka wakagusa mwamba. Katika mwamba huo wakachimba mashimo ya kuzikia, yakibanana, kaburi kando ya kaburi. Kuzunguka shimo hilo kubwa wakatengeneza jukwaa la mawe. Miaka ikapita, vizazi vikapokezana, wafu wakaongezwa hadi nafasi ikajaa. Ndipo wakafukia, wakafunika juu kwa mawe, na juu ya mfuniko huo wakasimamisha nguzo. Baadhi ya nguzo hizo zilitoka umbali wa hadi kilomita moja. Basalti ikipoa hupasuka yenyewe kuwa nguzo zenye pembe, kwa hiyo hawakulazimika kuzichonga. Kazi ilikuwa kuzing'oa, kuzibeba na kuzisimamisha, bila gurudumu na bila chombo chochote cha chuma.

Ukiutazama mpangilio huo utaona jambo moja. Nguzo, ambazo leo ndizo zinazovuta macho ya mgeni, zilikuja mwishoni. Kwa karne kadhaa mahali hapo palikuwa uwanja wa kazi: watu wanakuja, wanazika, wanaondoka, wanarudi. Nguzo ni kama sahihi iliyowekwa chini ya barua baada ya barua kwisha kuandikwa.

Uchimbaji wa Lothagam ninaouzungumzia uliongozwa na Elisabeth Hildebrand, Katherine Grillo na Elizabeth Sawchuk, wakishirikiana na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, miongoni mwao Purity Kiura na Emmanuel Ndiema. Matokeo yao makuu yalichapishwa mwaka 2018. Hawakufukua makaburi yote. Walichimba sehemu ndogo, na sehemu iliyobaki wakaipima kwa rada inayopenya ardhini, ambayo hutuma mawimbi chini na kusoma yanavyorudi. Rada iliwaonyesha mipaka ya lile shimo kubwa bila kuligusa. Wakijua shimo lina ukubwa gani, na wakijua katika sehemu waliyochimba watu wamezikwa kwa msongamano gani, wakapata kadirio la chini: watu 580.

Napenda njia hiyo kwa sababu ina adabu ndani yake. Zamani mchimbaji hodari alikuwa yule aliyemaliza kila kitu, akabeba kila mfupa, akaacha shimo tupu. Siku hizi wengi tunafundishwa kwamba kuchimba ni kuharibu. Udongo ukishaondolewa hauwezi kurudishwa jinsi ulivyokuwa, hivyo unachimba kinachotosha kujibu swali, na kinachobaki unamwachia mwenzako wa miaka 100 ijayo, atakayekuja na vifaa bora na maswali ambayo wewe hukuyafikiria.

Na ndani ya sehemu hiyo ndogo walikuta nini? Walikuta wanaume, wanawake na watoto, kuanzia vichanga hadi wazee, wote katika eneo moja. Karibu kila mtu alizikwa na mapambo yake. Kulikuwa na shanga za ganda la yai la mbuni, shanga za mawe ya rangi, mengine ya kijani cha bahari na mengine ya zambarau, na pete na bangili zilizochongwa kwa meno ya kiboko. Mtu mmoja alikuwa na mamia ya meno ya mbele ya panya wa jangwani, yaliyopangwa kama pambo la kichwani. Ili kupata meno hayo ilibidi wakamatwe panya zaidi ya 100. Hebu fikiria nani aliwakamata, kwa muda gani, na kwa ajili ya nani.

Hata hivyo hakuna aliyetengwa. Hakuna chumba cha peke yake, wala kaburi kubwa lililozungukwa na makaburi madogo. Mapambo yamegawanyika kwa kiasi kinachokaribia usawa. Wachimbaji wakahitimisha kwamba, kwa kadiri ushahidi unavyoonyesha, jamii hiyo haikuwa na matabaka yenye nguvu. Hilo ndilo lililofanya habari ya Lothagam isambae kwenye magazeti ya dunia. Kwa muda mrefu vitabu vimefundisha kwamba majengo makubwa ya mawe huja baada ya kilimo, ziada ya chakula, na mtawala mwenye uwezo wa kuwaamrisha wengine wabebe mawe. Hapa mawe yamebebwa, na bwana wa kuamrisha haonekani.

Ni vizuri kuweka Lothagam kando ya kaburi jingine la mawe la rika lake. Newgrange, huko Ireland, lilijengwa karibu mwaka 3200 kabla ya Kristo, yaani karibu wakati uleule. Ni kilima cha mviringo chenye upana wa mita 85 hivi, kimezungushiwa mawe makubwa 97, na ndani yake kuna ujia mwembamba wa mita 19 unaoelekea kwenye chumba. Lilichimbwa na Michael O'Kelly kuanzia mwaka 1962 hadi 1975. Desemba 1967 O'Kelly alisimama ndani alfajiri ya siku fupi kuliko zote za mwaka, na akaona jua linapenya kupitia uwazi ulio juu ya mlango, linatambaa kwenye ujia, na kukiangaza chumba kwa dakika 17 hivi. Lakini ndani ya kilima kikubwa kiasi hicho yalipatikana mabaki ya watu watano tu au karibu na hapo. Mwaka 2020 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba mmoja wao alizaliwa na wazazi waliokuwa ndugu wa karibu kabisa. Waliofanya uchunguzi waliona hapo dalili ya ukoo wa kitawala unaooana wenyewe kwa wenyewe, ingawa wengine wameipinga tafsiri hiyo.

Basi una makaburi mawili ya wakati mmoja. Moja lina jengo kubwa mno na wafu wachache mno. Jingine lina jengo la kadiri na wafu mamia. Mawe yenyewe hayasemi kama jamii ni ya usawa au ya mabwana. Lazima uhesabu walio chini ya mawe.

Na lazima ujue tarehe. Mfano wa hili uko hukohuko Turkana. Karibu na Kalokol kuna nguzo nyingine za basalti, zinazojulikana kwa jina la Namoratunga, yaani watu wa mawe. Waturkana wanasimulia kwamba nguzo hizo zilikuwa wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe. Mwaka 1978 Mark Lynch na Larry Robbins walitangaza kwamba nguzo 19 za hapo zimepangwa kuelekea nyota, Kilimia ikiwemo, zile zinazotumika katika kalenda ya Waborana, na kwamba zilisimamishwa karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Ilikuwa habari ya kufurahisha: kituo cha nyota cha Afrika! Lakini mwaka 1982 Robert Soper alipima upya na kuonyesha kwamba nguzo zenyewe zina sumaku inayoyumbisha dira, hivyo vipimo havikuwa vya kuaminika. Mjadala uliendelea. Baadaye uchimbaji mpya ukaonyesha kwamba mahali hapo pana umri wa karibu miaka 5,000, zaidi ya maradufu ya ulivyodhaniwa. Nyota huonekana kuhama mahali pake angani kadiri maelfu ya miaka yanavyopita, kwa hiyo ukibadilisha tarehe unabadilisha na anga lote lililokuwa juu ya nguzo hizo.

Sisemi hivyo kuwacheka waliotangulia. Wao ndio waliotufanya tuangalie. Ila naona kuna kishawishi ambacho sisi vijana wa Kiafrika tunaosoma historia tunakipata sana: kutamani ya kwetu yafanane na ya Ulaya ili yahesabike. Newgrange ina jua, basi na sisi tuwe na nyota. Kumbe Turkana ilikuwa na jambo lake ambalo halikuhitaji kuazima hadhi kwa mtu.

Jambo lenyewe ni hili. Miaka 5,000 iliyopita mvua zilikuwa zinapungua kote kaskazini mwa Afrika. Sahara, iliyokuwa na majani na maziwa, ilikuwa inakauka. Ziwa Turkana lilishuka kwa makumi ya mita, na ufuko ukawakimbia watu. Kwa maelfu ya miaka kabla ya hapo, wakazi wa ukingo huo walikuwa wavuvi, na vyembe vyao vya mifupa vimepatikana Lothagam hiyohiyo. Samaki wakapungua, mbuga mpya zikafunguka pale maji yalipoondoka, na ufugaji ukaingia. Wageni wakakutana na wenyeji. Kila mtu alikuwa anajifunza upya mahali pa kunywesha, pa kulisha na pa kukimbilia.

Ni katika kipindi hicho hasa ndipo makaburi ya nguzo yalipojengwa pande zote mbili za ziwa: Lothagam na Kalokol magharibi, Jarigole mashariki, na mengine. Jarigole, iliyochimbwa na Charles Nelson kuanzia miaka ya 1980, ilitoa shanga na vyungu vilivyorembwa kwa mtindo uleule unaoitwa Nderit. Kisha, hali ya ziwa ilipotulia na ufugaji ulipozoeleka, ujenzi ulikoma. Wachimbaji wanaamini kwamba makaburi hayo yalikuwa mahali pa kukutania. Mfugaji aliyetawanyika na wenzake msimu mzima alijua kwamba kuna sehemu moja isiyobadilika. Hapo wanazika, wanapashana habari za mvua, wanaozeshana, wanakopeshana ng'ombe. Ziwa linahama, mifugo inahama, wafu hawahami.

Mimi ni mtu wa Nyabibuye, kwenye miinuko ya Kigoma, upande wa Kibondo ya zamani ambao sasa ni wilaya ya Kakonko. Jiwe kwa Kiha ni ibuye, na jina la kwetu lina maana ya mahali pa mawe. Hatuna nguzo za kale. Lakini swali la Lothagam halikunifikia kama swali la Turkana peke yake, kwa sababu Buha ni nchi ambayo watu wake wamehamishwa mara nyingi.

Wakati wa Waingereza, ugonjwa wa malale uliifanya serikali iwaondoe watu kwenye mapori yenye mbung'o na kuwakusanya sehemu moja. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, mojawapo ya operesheni za mwanzo za kuhamishia watu katika vijiji, kabla ya nchi nzima kuhamishwa miaka iliyofuata. Kabla ya hapo Waha wengi waliishi kwa kutawanyika, kila kaya juu ya mgongo wake wa kilima na migomba yake. Wafu walizikwa nyumbani. Kwa hiyo kaya ilipohamishwa, iliacha kila kitu kisichobebeka: mashimo ya nguzo za nyumba, migomba, na makaburi. Sehemu hizo tunaziita mahame.

Bibi yangu anajua kaburi la baba yake lilipo kwa sababu lilipandwa umuvumu, mti wa jamii ya mkuyu. Anaweza kukuelekeza kuanzia mtoni: panda, pita mahame ya fulani, ukiona mwamba uliopasuka geuka kulia. Baba yangu anajua kilima chenyewe, hajui mahali. Mimi ninajua jina la mtoni tu. Vizazi vitatu vimetosha. Na mti si jiwe. Mti hukatwa mkaa.

Wilaya hizohizo zimepokea wakimbizi kwa miongo mingi, kutoka Burundi na Kongo. Nyarugusu iliyoko Kasulu ipo tangu mwaka 1996. Nduta ya Kibondo imefungwa na kufunguliwa tena. Mtendeli ya Kakonko ilifungwa mwaka 2021. Kambi ikifungwa, mahema yanakunjwa, mabati yanang'olewa, na watu wanapanda mabasi. Makaburi yanabaki. Humo wamo watoto waliozaliwa na kufa bila kuiona nchi ya wazazi wao, na wazee waliotumaini kurudi. Waliozikwa hapo walitoka vilima tofauti na koo tofauti, wakalazwa kando kwa kando kwa sababu wakati ule hapo ndipo walipokuwa wote. Nikisoma kuhusu mashimo yaliyobanana kwenye mwamba wa Lothagam, siwezi kujizuia kuyawaza makaburi hayo.

Sitaki kulazimisha mfanano. Watu wa Lothagam walichagua mahali pao, wakapahudumia kwa karne kadhaa, na kwa kadiri tunavyoweza kuona hawakufukuzwa na mtu. Watu wa kambi hawakuchagua. Lakini tofauti hiyo inanifundisha kitu kuhusu kazi ya nguzo. Jiwe kubwa linabeba kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na jirani. Mahali unapoishi, kaburi linatunzwa na miguu ya wapitao na midomo ya wanaosimulia. Unapojua kwamba utaondoka, na kwamba atakayerudi huenda akawa mjukuu ambaye hujamwona, unahitaji alama inayoonekana kutoka mbali na isiyomtegemea mtu kuikumbuka. Wafugaji wa Turkana walilijua hilo. Walilipa gharama yake kwa migongo yao, kilomita nzima kwa jiwe moja.

Na alama hiyo ilifanya kazi kuliko walivyoweza kukusudia. Waturkana wa leo waliingia katika nchi hiyo maelfu ya miaka baadaye. Lugha ya wajenzi hatuijui. Majina yao hatuna hata moja. Hata hivyo nguzo za Kalokol zilipata simulizi mpya, na wapitao huweka vijiwe juu yake. Watu wasio wa ukoo wa wafu hao wanajua, bila kuambiwa na mwanaakiolojia, kwamba hapo si mahali pa kukojoa.

Hapo ndipo ninaposhindwa kukubaliana na wenzangu wanaosema kwamba akiolojia ya makaburi ni anasa kwa nchi zetu, au kwamba ni kuwasumbua wafu tu. Uchimbaji wa pupa ni kuwasumbua. Nchi zetu zina historia ndefu ya mifupa iliyobebwa kwenda Ulaya bila ruhusa ya mtu, na mingi haijarudi. Uchimbaji wa aina ya Lothagam ni kitu kingine: sehemu ndogo, kwa ushirikiano na makumbusho ya nchi husika, na wengi wa wafu wakiachwa walipolala. Usingefanyika, tungeendelea kuamini kwamba bila mtawala hakuna kikubwa kinachojengwa, na imani hiyo ina madhara hata leo. Ndiyo inayomfanya ofisa akiwaona wafugaji aone watu wasio na mahali, ambao anaweza kuwasogeza kokote.

Kwa upande wa Kigoma kazi haihitaji rada wala koleo, si kwa sasa. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati wa Operesheni ya mwaka 1972 leo amevuka miaka 60. Huyo ndiye wa mwisho anayeweza kusimama kwenye mahame na kunyoosha kidole. Simu za vijana wengi zinaweza kuonyesha mahali ulipo hadi mita chache. Kutembea na mzee siku moja, kuandika jina la aliyezikwa, mwaka anaoukumbuka, mti au mwamba ulio karibu, na vipimo vya mahali, ni kazi ambayo shule ya kata inaweza kuifanya kwa likizo moja. Makaburi ya kambi zilizofungwa nayo yaorodheshwe kabla nyasi hazijayafunika, kwa sababu kuna watu Burundi watakaokuja kuyauliza.

Kwetu mawe yapo, jina la mahali lenyewe linasema. Mzee akishanyoosha kidole na vijana wakishaandika, wanaweza kubeba moja wakalisimamisha hapo.